Mkokoteni wa maji uliokuwa mzito: beringi zilisingiziwa, tairi ndo zilikuwa zinakula nguvu

Kisa chenyewe kiko hivi. Mbagala, kijana anauza maji kwa mkokoteni wa tairi mbili za gari ndogo, rimu 13, anapakia madumu 20 ya lita 20, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 400 na ukijumlisha mkokoteni na madumu yenyewe unafika kama kilo 500. Kisima kiko ndani ndani huko mtaani, ukitoka pale kuna kipande cha mchanga mtupu kama mita 60, alafu unapanda lami unaenda nayo kama kilomita 1.2 hadi kwa wateja wake. Mkokoteni ulianza kuwa mzito kidogo kidogo mpaka ikafika hatua akimaliza safari ya pili mchana anakaa chini. Fundi mmoja akamwambia beringi zimekufa. Akatoa hela akanunua mpya, zikapakwa grisi vizuri, na uzito ukabaki ule ule.

"Kaka, beringi mpya kabisa, grisi imejaa, lakini bado kitu kama kinanivuta nyuma," ndivyo alivoniambia. Mi nafundisha fizikia, na hapo hapo nikaona hili ni somo lote la kubingirika limepaki mbele yangu, maana karibu kila mtu aliyekuwepo pale alikuwa na jibu lake na majibu yote yalikuwa yanazungumzia msuguano. Na ndo jambo ninalotaka kulisema kwa nguvu kwenye kisa hiki: gurudumu linalobingirika vizuri kinacholila nguvu sio msuguano ule tuliofundishwa wa kitu kuburuzwa, ni kubonyea. Tairi inabonyea, au ardhi inabonyea, au vyote viwili, na kile kinachobonyea hakirudishi nguvu yote kilichopewa.

Kwanza tumalize habari ya beringi kwasababu ndo imemla hela. Beringi za gololi zikiwa nzima zina ukinzani mdogo sana, kigawo chake (nguvu inayopinga ukigawanya kwa uzito uliobebwa) ni kama 0.0015, na zaidi ya hapo ukinzani huo uko kwenye ekseli yenye nusu kipenyo kama sentimita 1.5 wakati tairi ina nusu kipenyo kama sentimita 28, kwa hiyo ukifika chini kwenye tairi unagawanywa tena karibu mara 19. Piga hesabu: kilo 500 mara 0.0015 mara 1.5 gawanya kwa 28, inakuja kama gramu 40. Gramu arobaini! Weka na grisi nzito na sili zinazobana, haifiki hata nusu kilo. Mkokoteni ungekuwa unazunguka kwenye bushi ya chuma kavu ningeelewa, hapo msuguano ni wa kuburuzana kweli na unaweza kula kilo 5 au 7, na grisi ingeokoa. Ila hizi ni beringi za gololi, na hata kabla ya kuzibadilisha gurudumu likinyanyuliwa na kusukumwa kwa mkono lilikuwa linazunguka muda mrefu kimya kimya. Hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu asite kabla ya kusema beringi zimekufa.

Sasa kupima. Nikaazima kwa muuza mkaa ile mizani ya ndoano ya kupimia magunia, inafika kilo 100, tukaifunga mbele ya mkokoteni kwa kamba na kijana akavuta kupitia mizani huku mi nasoma. Uzuri wa mizani ya kilo ni kwamba huhitaji hata kubadilisha kwenda nyutoni, unachukua kilo zilizosomeka unagawanya kwa kilo za mzigo mzima unapata kigawo cha ukinzani moja kwa moja (anayetaka nyutoni azidishe kwa 9.8). Kuna mambo mawili yanaharibu kipimo hiki na lazima uyajue. La kwanza, wakati wa kuanza usisome chochote. Kutoa kilo 500 kwenye kusimama mpaka mwendo wa kutembea kwa sekunde 3 kunahitaji kama kilo 19 za ziada ambazo hazihusiani na ukinzani hata kidogo, ni ule ubishi wa mzigo kuanza kwenda. Subiri mwendo utulie ndo usome. La pili ni mteremko. Lami unaiona iko sawa lakini haiko sawa, na kwa mzigo huu kila mwinuko wa sentimita 1 kwa mita 1 unakuongezea kilo 5 nzima, yaani sehemu kubwa ya kile unachotaka kupima. Dawa yake ni kuvuta kwenda na kuvuta kurudi pale pale kisha unachukua wastani.

Tukapata kilo 18 kwenda na kilo 13 kurudi. Wastani 15.5, na tofauti inakuambia lami pale inapanda kama nusu mita kwa kila mita 100, jicho lisingeona. 15.5 gawanya kwa 500 ni 0.031. Namba hiyo ni mbaya. Tairi ya gari kwenye lami nzuri inatakiwa iwe kwenye 0.010 mpaka 0.015 hivi, za malori hushuka chini ya hapo, gurudumu la chuma juu ya reli ni 0.001 mpaka 0.002, yaani kilo 500 hizi hizi zikiwa juu ya reli ya SGR ungezivuta kwa kilo moja au pungufu, kwasababu chuma juu ya chuma kinabonyea kidogo mno na kile kidogo kinakirudisha karibu chote.

Kupima upepo: 12, kwa PSI, kile kipimo cha mafundi pancha. Tairi zote mbili. Kwa macho zilikuwa zimekaa kama mtu aliyekalia mto, ukuta wa pembeni umejikunja chini.

Hapa ndo nataka tukae kidogo, maana watu wengi wamefundishwa kwamba mpira ukibingirika uwanjani unasimama kwasababu ya msuguano wa chini, basi, imeisha. Hebu ufuatilie huo msuguano mpaka mwisho. Uko chini pale panapogusana na unasukuma kuelekea nyuma. Sawa, unapunguza mwendo wa mpira kwenda mbele. Lakini nguvu inayosukuma sehemu ya chini kwenda nyuma inafanya nini kwenye mzunguko? Inauongeza! Mpira unaoenda mbele sehemu yake ya chini inazunguka kuelekea nyuma, kwa hiyo nguvu hiyo inausaidia kuzunguka. Ina maana mpira ungekuwa unapunguza mwendo wa mbele huku unazidi kuzunguka haraka, kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona kwenye mpira unaobingirika mpaka ukasimama. Kuna nguvu nyingine lazima iwe inaupinga mzunguko, na msuguano peke yake hauwezi kuwa ndo hiyo.

Nguvu hiyo ni ardhi yenyewe inayosukuma juu. Tairi halisi haigusi chini kwa nukta moja, inagusa kwa eneo. Kwa upepo wa 30 kila sentimita ya mraba inabeba kama kilo 2.1, na kila tairi ya mkokoteni huu ina kilo 250 juu yake, kwa hiyo eneo la kugusa ni kama sentimita 120 za mraba, kama kiganja cha mtu. Upepo ukishuka mpaka 12 eneo linakuwa kama sentimita 300 (takribani, maana ukuta wa tairi nao unabeba kidogo). Ndani ya eneo hilo, nusu ya mbele mpira unabonyezwa na nusu ya nyuma unaachiwa. Raba ikibonyezwa inakataa kwa nguvu, ikiachiwa inarudi kwa nguvu pungufu, ndo tabia yake, na ile tofauti inageuka joto humo humo ndani ya tairi. Kwa hiyo ardhi inasukuma zaidi upande wa mbele kuliko upande wa nyuma, na ukizijumlisha zote inakuwa kama nguvu moja ya kwenda juu iliyohama kidogo mbele ya ekseli. Kidogo kiasi gani? Kilo za kuvuta mara nusu kipenyo gawanya kwa uzito. Kwa ule ukinzani wa upepo wa 12 peke yake (nitaeleza hapa chini nimeutenganishaje) inakuja milimita 7. Tairi ikiwa na upepo wa 30, milimita 4 na nusu. Milimita mbili na nusu tu za kuhama ndo zinamfanya mtu akae chini mchana.

Na ule msuguano wa chini? Upo, una ukubwa sawa sawa na kile unachovuta, lakini haufanyi kazi yoyote ya kula nguvu, kwasababu ile sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati ule imesimama. Kweli imesimama. Juu ya tairi inaenda mara mbili ya mwendo wa mkokoteni, katikati inaenda sawa na mkokoteni, chini sifuri. Kitu kisichoteleza hakisagani. Kazi ya msuguano pale ni kuishika tairi isiburuzike.

Hili lilichukua muda mrefu kueleweka hata kwa wakubwa wa hii kazi. Coulomb, Mfaransa, karne ya 18 alibingirisha magogo ya mbao juu ya mbao akaona ukinzani unaongezeka kadiri uzito unavyoongezeka na unapungua gurudumu likiwa kubwa. Osborne Reynolds mwaka 1876 akagundua kwamba silinda ya chuma ikibingirika juu ya raba inaenda mbele pungufu ya mzingo wake, akafikiri chanzo cha ukinzani ni kule kuteleza kidogo kidogo ndani ya eneo la kugusana. Wazo zuri, na lingekuwa kweli basi mafuta yangesaidia. David Tabor wa Cambridge kwenye miaka ya 1950 akalipima jambo lenyewe: gololi ngumu juu ya raba, pakavu, kisha na kilainishi. Ukinzani karibu haukubadilika. Mafuta yanaua msuguano wa kuteleza lakini hayawezi kuizuia raba isibonyee, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ilikuwa inapotelea ndani ya raba yenyewe. Mi naona hilo ni jaribio moja zuri mno, na ndo maana pia hakuna grisi duniani ingeweza kumsaidia huyu kijana.

Tukajaza upepo mpaka 30 kwa fundi pancha, tukarudi pale pale kwenye lami, mzigo ule ule. Kilo 13.5 kwenda, 8.5 kurudi, wastani 11. Zimeondoka kilo 4 na nusu kwa upepo peke yake. Kijana alifurahi akataka kuondoka, ila 11 kwa 500 ni 0.022 na bado ni kubwa kwa upepo ule, kuna kitu kingine kilikuwa kinakula.

Nikapitisha kiganja juu ya tairi kwa upande, kutoka nje kwenda ndani, laini. Kutoka ndani kwenda nje, kuna meno, kila mstari wa tairi una ukingo mkali upande mmoja kama msumeno uliochakaa. Na ukingo mmoja wa tairi umelika kuliko mwingine. Hiyo ni tairi inayoburuzwa pembeni huku inabingirika. Tukachukua futi kamba, tukapima umbali kati ya tairi na tairi upande wa mbele kwa urefu wa ekseli, kisha upande wa nyuma kwa urefu huo huo, tofauti ikawa sentimita 3. Kwa kipenyo cha sentimita 57 hiyo ni kama nyuzi 3, nyuzi moja na nusu kila tairi, zinatazamana kwa mbele. Ekseli iliwahi kuvunjika ikachomelewa, na mtu akichomelea upande mmoja tu chuma kikipoa kinavuta kuelekea kule kwenye weldi. Kila tairi inataka kwenda upande wake na mwenzake anaikatalia, kwa hiyo hapa sasa kuna kuteleza kwa kweli, raba inasagwa na lami kila hatua. Fundi wa kuchomelea akaikata, akainyoosha kwa kuifunga kwenye bomba lililonyooka, akachomelea kwa kuzungukia pande zote kidogo kidogo. Futi ikasoma sawa mbele na nyuma. Mizani: wastani kilo 8.

Kwa hiyo kutoka 15.5 tumefika 8. Kilo 4 na nusu zilikuwa za upepo, 3 za ekseli, ukitoa hizo 3 kwenye 15.5 unabaki na 12.5, na ndo ile iliyonipa milimita 7 hapo juu. Kigawo sasa ni 0.016, na kwa tairi kuukuu za mkokoteni mi naona hapo ni pazuri. Kwa kilomita 1.2 ya lami hizo kilo 7 na nusu alizopunguziwa ni kama kilojuli 88 kila safari yenye mzigo, na mwili wa binadamu unatoa kazi kwa karibu robo tu ya chakula unachochoma, kwa hiyo ni karibu kilokalori 85 za chakula kila safari. Anapiga safari 6 kwa siku. Ni sahani nzima ya ugali alikuwa anaichomea ndani ya raba na kwenye weldi mbovu.

Lakini sasa kuna upande wa huyu kijana ambao hakuna aliyemuuliza, na mi nilimuuliza: kwanini upepo ulikuwa 12 tairi zote mbili sawa sawa? Tairi zinazovuja hazivuji kwa usawa namna hiyo. Akasema alipunguza mwenyewe, makusudi. "Ukijaza, pale kwenye mchanga linazama, haliendi kabisa." Na alikuwa sahihi! Tukaenda kupima na kule. Upepo wa 12 mchangani, kama kilo 50. Upepo wa 30, zaidi ya kilo 70, mizani inachezacheza huwezi kusoma vizuri na tairi inachimba mfereji nyuma yake.

Ukielewa habari ya kubonyea hili halishangazi. Kwenye lami kinachobonyea ni tairi, kwa hiyo unataka tairi ngumu. Mchangani kinachobonyea ni ardhi, na mchanga ni mbaya kuliko raba kwasababu raba angalau inarudisha sehemu kubwa, mchanga haurudishi kitu, ukishasogea umesogea, kila senti ya nguvu uliyotumia kuuchimba imeenda. Kule unataka eneo kubwa la kugusa ili usizame, hata kama tairi yenyewe itakula kidogo. Sheria ya "jaza upepo" na sheria ya "punguza upepo" zote ni sheria moja: tafuta kile kinachobonyea zaidi na ukipunguzie.

Dunlop, yule daktari wa mifugo wa Belfast, alilijua hili kwa vitendo mwaka 1887. Alikuwa anataka kuiboresha baiskeli ya matairi matatu ya mwanae, akachukua gurudumu la chuma na gurudumu alilolifunga mpira wa upepo, akayabingirisha uani. La chuma likaenda kidogo likaanguka, la upepo likaenda mpaka mwisho wa ua. Mtu aliyesikia habari ya reli angetegemea chuma kishinde, lakini ua hauko kama reli, una mawe na vishimo, na chuma kwenye kila jiwe kinarushwa juu na kupoteza mwendo, wakati upepo unalimeza jiwe na kuendelea. Gurudumu bila kujua barabara yake huwezi kulisema zuri au baya.

Sasa aamue vipi? Ukihesabu kazi yote ya safari, upepo wa 30 unashinda mbali. Kwenye lami unaokoa kilo 4.5 kwa mita 1200, ni 5400. Mchangani unapoteza zaidi ya kilo 20 kwa mita 60, ni kama 1300. Hesabu hiyo kwenye karatasi imeisha, ila kwa mwili haijaisha, kwasababu kilo 70 mtu mmoja havuti. Haijalishi umeokoa kiasi gani kwenye lami kama hapa mwanzo hutoki. Kilo 50 alikuwa anazitoa kwa shida, kwa kuvuta na kupumzika, na ndo maana alikubali kuumia kilomita nzima ili aweze kuvuka mita 60. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayeifahamu kazi yake, na mafundi waliomcheka kwamba hajui kujaza upepo hawakuwahi kuvuta ule mkokoteni pale kisimani.

Tulifikiria kuvuka na madumu 10 kisha kurudia mengine 10, inawezekana lakini ni muda na kupakia mara mbili. Tulifikiria kukubaliana upepo wa 20, hiyo inaumiza kote kote kidogo. Mi nikasema tatizo la mchanga litatuliwe mchangani. Wauza maji wote wa kisima kile wanapita pale pale, wakachangishana wakaleta kifusi, tofali zilizovunjika na udongo mwekundu, wakamwaga njia mbili za upana wa tairi tu badala ya kujaza barabara yote, wakashindilia kwa kupitisha mikokoteni mitupu kwanza. Kwa upepo wa 30 sasa pale mizani inasoma kati ya kilo 17 na 20. Mvua ikinyesha sana kifusi kinazama kidogo na inabidi kuongeza, na wenye tairi za pikipiki wanalalamika kwamba njia ni pana kwao wanayumba, hilo nalo wamepanga kulirekebisha kwa kuweka tofali za kusimama pembeni. Kijana wa kwanza yeye ameshaziuza zile beringi zake za zamani, zilikuwa nzima.